Pepo Hangoji Kanda

Mama,

Juzi tumeanua tanga lako hapa Ikola. Vyungu havijapoa, mjomba, kaka yako, akasimama kutangaza kwamba ngoma yako ya pepo ichanwe ngozi na mti wake uwe kuni. Desturi unaijua: mwenye ngoma akifa, ngoma inalazwa kifudifudi mpaka siku ya kuanua tanga, aiinue mwanamke wa nyumba yake na kuirithi. Asipotokea, inachanwa. Mjomba hakutaka hata kungoja atokee.

"Nyie wanawake mna shida gani?" akasema. "Yule mama mtafiti kashairekodi yote. Iko kwenye kanda, inatosha. Sasa tuwe watu wa kanisa."

Mama, nilikasirika.

Na mtafiti wako sina ugomvi naye. Alikula dagaa wetu, alijifunga kaniki kama sisi, akauliza mpaka tukachoka: kwa nini nguo nyeupe siku ya ngoma, kwa nini wanawake tu. Ukamjibu, "Mwanangu, cheza kwanza." Ukamshikisha manyanga yako ya vibuyu, akayatikisa ovyo, ukacheka mpaka khanga ikafunguka. Halafu siku ile pepo alipokupanda, kanda yake ikaisha. Akainua mkono, eti tusimame kidogo abadilishe. Tusimame! Ukageuka, ukamjibu kwa ile sauti nzito isiyo yako: "Pepo hangoji kanda." Alipomaliza kubadilisha, pepo alikuwa keshashuka, wewe umekaa chini unaomba maji.

Ndicho mjomba anachotaka tubaki nacho: wimbo wa kufungulia, halafu wewe unaomba maji. Kanda itamshika nani kiuno asianguke? Mama Jeni alipozika mtoto akawa halali wala hali, alichezewa ngoma na wanawake wenye jasho, siyo na redio.

Basi nikasimama mbele ya wazee. Mimi, uliyekuwa ukinitania kwamba nina haya kama bibi harusi. Nikaiinua ngoma yako. Nzito, Mama! Hukuwahi kuniambia. Mjomba akasema nitatengwa kanisani. Nikamwambia, "Mjomba, nakuheshimu, lakini kwa hili hapana. Padri akiniuliza nitamjibu mwenyewe." Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikalia. Hata sasa nalia, ila siombi radhi.

Lala salama, Mama. Jumamosi tunacheza uani kwako, mchana kweupe, lango wazi, na mjomba nimemwalika. Nakuahidi, pepo akinipanda, sitamwomba mtu ruhusa.

Mwanao,
Skola