Kengele ya Moto Niliyoinyamazisha

Kosa la wengi wanaoiandikia safu hii ni kuuliza wayafanyeje yaliyokwisha kutokea, huku yanayokuja wameyapa kisogo. Fundi huyu wa mji wa Villavicencio naye amelifanya.

*

Mpendwa Bi Ofelia, naomba msaada maana sili wala silali. Mimi ni fundi wa ndege za mizigo, zile kuukuu za injini mbili, na kwetu fundi hupanda na ndege yake, nami kwa miaka kumi na tisa nimepeleka saruji, bia na kuku hai kwenye vijiji vya msituni visivyo na barabara, na unaujua unyevu wa huko, basi kengele ya moto ikawa inalia kila asubuhi bila moto wowote, na kapteni wangu, nimwite Barragán, akawa ananitania, "Fundi, mfunge mdomo huyo kasuku wako, kaamka tena," nami nikacheka, nikachomoa waya, nikaufunga kwa utepe, kama tunavyofanya mafundi wote hapa. Mwezi uliopita injini ya kushoto ikashika moto angani na kengele ikanyamaza kama nilivyoitaka, na rubani msaidizi, Yesid, aliyeoa Januari tu, alipogeuka na kusema, "Kapteni, bawa linaungua," tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Tulitua mbugani katikati ya ng'ombe, nikamvuta Barragán nje, nikarudi kumchukua Yesid, moto ukanizuia. Sasa naitwa shujaa, mjane wa Yesid ananiletea arepa, vile vimkate vya mahindi, zikiwa za moto, na kunishukuru kwa kujaribu, na Barragán amelazwa mikono yote bandeji, amewaambia wachunguzi kwamba kengele ililia ila yeye alizubaa, na nilipokwenda kumwona akaninong'oneza, "Nyamaza, mjinga wewe. Mimi sitarusha tena hata tiara. Wewe una watoto." Ijumaa anathibitisha maelezo hayo. Nikisema nimekwisha, nikinyamaza nimekwisha. Nifanye nini?

Fundi asiyestahili arepa

*

Mwanangu, pole. Sasa nikugombeze.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini, kwa hiyo nivumilie. Kengele yako haikuwa ikidanganya. Maji yaliingia kwenye viungo vya waya, umeme ukapita pasipotakiwa, ikalia. Ilikuwa ikikwambia kwamba imelowa. Kazi yako ilikuwa kuikausha na kuziba yanakopenya maji. Ukachagua utepe, na kapteni wako akacheka. Mmekosa wawili. Yesid hakukosa.

Je, angepona kama kengele ingelia? Sijui, wala wewe hutajua kamwe. Hilo utazeeka nalo, na sina dawa yake.

Barragán anakupenda, lakini zawadi yake inamnyima yule mjane ukweli. Kabla ya Ijumaa tafuta mwanasheria, nendeni kwa wachunguzi. Kisha nenda kwa mjane mwenyewe, asije akayasikia sokoni. Huenda asikufungulie mlango tena. Usimlilie ili akubembeleze, sema, uondoke.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na yaliyonitia hofu ni maneno matano tu: "kama tunavyofanya mafundi wote hapa." Ndege ngapi zina utepe huo asubuhi hii? Zinasubiri ukungu uinuke, na ndani yake wamo akina Yesid wengine wanamalizia kahawa.

Weka gazeti chini. Nenda uwanjani sasa hivi, uwaambie marubani wote kwamba ndege yenye utepe isiruke.