Sauti ya Dirishani

Goma, Keshero

Kwako dada Masika,

Pokea salamu zangu na za mama. Hujambo? Shemeji Adalbert na watoto wanaendeleaje huko Butembo? Sisi tunapumua, ingawa mizinga ya upande wa Rutshuru inatunyima usingizi. Barua hii nimempa dereva anayezungukia Uganda, kwa kuwa simu hazipiti.

Bado nauza tikiti za boti za Bukavu. Mji mzima unataka kukimbia, na mji mzima unakuja kunifokea mimi. Julien wa dirisha la pili akitukanwa naye anatukana, anapiga meza, na bosi anasema mwacheni, ni mwanaume, vita vimemchosha. Mimi nilimjibu mteja kwa ukali mara moja tu, nikaitwa ofisini. Niliambiwa mwanamke amewekwa pale kupoza watu, na nikishindwa wapo wengi wanaoitaka kazi. Hasira ilinipanda, dada! Lakini ndiyo kazi tunayokula, basi nikajifunza sauti ya chini na tabasamu. Akina papa wananiita mjinga, natabasamu. Akina mama wanakuja kunililia, wakati Julien hawamwombi hata pole. Nafika nyumbani uso bado umekaza.

Nazunguka tu, nisamehe. Barua hii nimeianza na kuichana sijui mara ngapi.

Unajua mdogo wetu Prodige alikwenda Vitshumbi kununua samaki kabla barabara haijafungwa. Juzi papa Nsanzimana, aliyesafiri naye, alikuja dirishani kwangu kutafuta tikiti. Aliponitambua alivua kofia. Alisema gari lao lilipigwa risasi, Prodige akafa palepale, na yeye mwenyewe alisaidia kumzika kando ya barabara. Nami nikamjibu: “Merci, papa. Kuko kingine?” Kwa sauti ileile ya kumshukuru mteja na kumuuliza kama anataka kitu kingine, meno nje. Mzee wa watu alirudi nyuma kama aliyeona mchawi.

Julien alisikia. Walikuwa wakicheza mpira pamoja na Prodige. Alifunga dirisha lake kwa kishindo, akawafukuza watu, akapiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Bosi alimpeleka nyumbani kwa gari lake akapumzike. Mimi aliniomba niihudumie na foleni ya Julien, nikaihudumia.

Mama hajui. Kila jioni ananiuliza habari za mwanawe, nami namwambia avumilie kidogo, magari yatapita. Anatulia, dada, na kutulia kwake kunanitisha. Jana nilijifungia chooni nijaribu maneno ya kumwambia, nikajikuta natabasamu. Sijalia hata chozi moja. Nakuomba upande gari na dereva huyu akirudi, uje umwambie wewe. Mama anastahili kuambiwa na mtu anayelia.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako. Mungu akufungulie njia, ufike salama.

Mimi mdogo wako,
Katungu