Mashine Ikinguruma, Baba Yuko Kazini

Kamwene, Baba.

Sijui kama baridi ya Juni inafika huko uliko. Hapa kijijini, upande huu wa Kifanya, imeunguza mpaka kabeji. Tangu tulipokurudisha kutoka hospitali ya Ikonda ndani ya sanduku, mashine ya umeme wa maji naiendesha mimi, Tumaini wako. Asubuhi naanzia kwenye banio, pale mto unapozuiwa, natoa majani ya miti ya milingoti kwenye wavu, nafuata mfereji hadi kwenye bomba, kisha nashuka nyumba ya mashine. "Sikiliza kwanza, ndipo ushike," ulikuwa unasema. Basi nasikiliza. Na Baba, nikifungua mlango ule nakusikia unakohoa nyuma ya mashine. Sikutanii! Mara ya kwanza nilitoka mbio nikaacha kiatu. Siku hizi nakusalimia, halafu natia grisi.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni Mama.

Akili yake imeanza kumtoroka. Mazishi yako hayakumbuki. Anachojua ni ule mngurumo unaofika jikoni kwetu tangu nikiwa mtoto: mashine ikinguruma, Baba yuko kazini. Kila jioni anakutengea ugali, anafunika, ananiambia, "Baba yako leo wamemchelewesha." Mwanzoni nilimweleza ukweli. Alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake nikamweleza tena, akalia upya. Nikaacha. Nani ana moyo wa kumfanya mama yake mjane kila siku?

Sasa umeme wa gridi umefika kutoka Makambako. Nguzo zenyewe ni miti ya huku huku kwetu, imeenda kutiwa dawa ikarudi. Nyumba zikahamia gridi moja moja, mwisho kanisa nalo, mashine ikawa inazunguka kwa ajili ya taa yetu tu. Wale mliochimba nao mfereji kwa majembe, mkabeba mabomba mabegani mkiimba, wamebaki wawili. Mmoja ndiye mwenyekiti wa kamati ya mashine. Akaniita: "Tumaini, mwanangu, hatuwezi kuendesha mashine kwa ajili ya bibi mmoja." Nilimjibu ovyo, lakini ana haki. Beringi zimekwisha.

Jumamosi nilivaa koti lako nikashuka kuizima. Nilikukuta unakohoa kama kawaida. Nikafunga maji polepole. Mashine ikazunguka, ikachoka, ikasimama. Nikangoja kikohozi. Wapi! Mto tu. Nilikaa sakafuni nikalia hadi jua likageuka, maana nilijua kule juu Mama naye ameusikia ule ukimya, na sasa anakungoja.

Nilipanda kilima miguu haitaki. Kweli, alikuwa ameketi mlangoni, karai la maji ya kuoga linafuka mvuke kando yake. Akanitazama, akatazama koti, akatazama mikono yangu yenye grisi.

"Leo umewahi," akasema. "Pole na kazi, Baba Tumaini. Oga kabla hayajapoa."

Sikumsahihisha. Nikaoga maji yako, Baba.

Pumzika sasa, mzee wangu, usishuke tena kule mtoni. Maadamu Mama yupo, kila jioni nitakuwa narudi nyumbani badala yako.