Chupa Mbili Mbele ya Rubani

Nyumba za walimu
3 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na unalipumzisha, ingawa najua hulipumzishi. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa vumbi la chaki na kelele za kidato cha pili.

Kuna jambo linanikereketa. Kila asubuhi mkuu wetu wa shule husimama mbele ya wanafunzi na kuwaambia, "Msiposoma, mtaishia kulima." Anayechelewa hupewa jembe. Anayefeli hesabu, jembe. Sasa tarehe 28 tutakuwa na siku ya kuwaonyesha wanafunzi kazi mbalimbali. Wamealikwa rubani, daktari na mwanasheria. Nami nikakuandika kwenye orodha: mkulima, miaka thelathini kazini.

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Mwalimu, tunawaonyesha wanakokwenda, si wanakokukimbia."

Walimu wote wakacheka. Shangazi, nami nilitabasamu. Tangu siku hiyo sina raha. Wewe ndiye uliyenichukua baba alipofariki, ukanivusha darasa moja hadi jingine kwa mahindi yako, nami nikatabasamu. Nikaona heri nikwambie mwenyewe.

Mtoto wa kaka yako


Nyumbani
22 Juni

Mwalimu wangu,

Marahaba. Goti liache, lina mambo yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu tunavuna, na wakati wa mavuno hata kuchana nywele ni anasa.

Kwa hiyo ulitabasamu. Ungekuwa karibu ningekufinya sikio. Lakini umesema mwenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo nusu ya hasira imeniisha. Nusu iliyobaki ni ya mkuu wako.

Watu wanadhani sisi tunatupa mbegu, tunakaa barazani kungoja mvua, kisha tunaokota. Juzi alikuja mnunuzi na lori. Akataka nipukuchue yote siku ileile, maana anakimbilia soko. Nikachukua chupa kavu, nikatia mahindi na chumvi kavu, nikatikisa, nikaiweka chini. Baada ya muda chumvi ikawa imenata kwenye kioo. Unyevu bado umo. Mahindi ya namna hiyo ukiyafunga guniani yanaota ukungu, na ukungu ule ni sumu. Mtu anakula miaka, ini linaoza, wanasema karogwa. Nikamwambia aondoke na lori lake tupu. Akaniita mama mshamba nisiyejua biashara. Nikamjibu, mshamba ni mwenye shamba, asante kwa kunisifu.

Siji huko. Hata wangenialika kwa tarumbeta nisingekuja, mahindi hayasubiri hotuba. Ila nimempa dereva wa basi kifurushi chako. Ndani mna mahindi ya aina mbili: yaliyokauka, na mabichi niliyoyafunga kwenye plastiki, usiyafungue kabla ya siku yenyewe. Waulize hao wasomi yapi ya kuweka ghalani. Majibu utaniandikia.

Na safari hii usitabasamu.

Shangazi yako


Nyumba za walimu
30 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na pole na jua. Mimi ni mzima wa mwili, mengine utayaona hapa chini.

Nilifanya bila ruhusa. Rubani alipomaliza kusema na mkuu akiwa bado anapiga makofi, nikapanda jukwaani na chupa mbili. Nikaziweka mezani mbele ya wageni. "Samahani, waheshimiwa. Chupa ipi ina mahindi yaliyo tayari kwa ghala?"

Rubani hakusita. Akachagua yale yanayong'aa. Mwanasheria akamuunga mkono kwa maneno mengi. Daktari, mwanamke wa makamo, akayatazama sana, kisha akasema, "Sijui."

Nikatia chumvi, nikatikisa, nikawaambia wanafunzi tusubiri. Wakati tunasubiri nikawaeleza habari zako: lori, ukungu, ini. Mkuu alikuwa ananikonyeza nishuke, nikajifanya kipofu. Nilipoinua chupa aliyoichagua rubani, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo kama vumbi. Kidato cha pili walilipuka kwa kelele, nadhani ulizisikia huko. Daktari akasimama. "Wagonjwa wa ini ninaowatibu, wengine nisingewaona kabisa kama kila ghala lingekuwa na mtu kama huyo mama."

Ndipo nikasema, "Huyo mama ndiye aliyenilea. Jembe mnalopewa hapa kama fimbo ndilo lililonifanya mwalimu."

Rubani alicheka, akaomba afundishwe. Mkuu hakucheka. Ofisini akaniambia nimemwaibisha mbele ya wageni wake. Anataka barua ya kuomba radhi kabla ya tarehe 10. Nisipoandika, hatanipa mkataba mpya muhula ukiisha.

Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako


Nyumbani
5 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara mbili za kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu. Ya tatu nikakaa chini.

Iandike hiyo barua. Usinishangae. Mimi nimeitwa majina mengi na ngozi imeshakuwa ngumu. Kazi ya mshahara hukuipata kwa urahisi, na mimi sitaki nguo zako zirudi hapa sandukuni kwa ajili yangu.

Halafu kuna jambo la kukiri. Nani alikuwa anakwambia kila ukichoka kusoma, "Soma, usije ukawa kama mimi"? Si mkuu wako. Ni mimi, tena nikiwa na jembe mkononi. Nilidhani ndivyo mzazi anavyotia moyo. Kwa hiyo mlaumu huyo bwana kwa kiasi. Wimbo wake nami nimeuimba.

Andika, yaishe.

Shangazi yako


Nyumba za walimu
11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nalala vizuri kuliko mwezi mzima uliopita.

Jana nilikwenda ofisini mikono mitupu. Mkuu akauliza, "Barua iko wapi?"

"Sikuandika."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Mkataba unaisha Ijumaa."

Akapunguza sauti. Nadhani hakutaka kweli kunifukuza. "Mwalimu, sentensi moja tu. Andika kwamba ulikosea."

"Sikukosea, mkuu."

Basi, ikaisha hivyo. Nikatoka nje. Hapo ndipo nikamsikia mwanafunzi mmoja, msichana aliyechelewa, akimuuliza mwalimu wa zamu, "Hili jembe ni adhabu au ni somo? Nijue, kama ni somo nikachukue daftari."

Nimeomba kazi shule mbili nyingine. Kwenye maombi nimeandika kwamba nimelelewa na mkulima, na jambo hilo sikuliweka mwishoni. Jumamosi nitashuka kwenye basi la asubuhi. Usitafute mtu wa kupukuchua, nipo. Na ukiniambia tena nisije nikawa kama wewe, tutagombana palepale shambani, mbele ya majirani.

Ulinishauri niandike, yaishe. Ukiacha hayo maombi ya kazi, barua niliyoandika wiki hii ni hii tu.

Mwanao