Baruti ya Kijiko cha Chai

Eugenia, bibi Sikuzani kanisimulia sasa hivi, siamini!

Kisarawe, 1976. Mumewe, babu Kondo, analinda mihogo ya kijiji dhidi ya nguruwe pori. Risasi zimeadimika, kwa hiyo anajaza baruti mwenyewe kwenye maganda ya risasi zilizokwisha pigwa. Bibi akamwambia, "Azima mizani upimie baruti."

Mtaalamu wetu akapima baruti kwa kijiko cha chai. Kijiko cha chai, Eugenia!

Akafyatua. Ikalia "pyuu" tu. Nguruwe hata hakuinua kichwa. Bingwa akapakia ya pili.

Bibi akampokonya bunduki, akaitoa ile risasi, akasukuma ufito mtutuni. Ukagota katikati.

"Baruti ilikuwa kidogo, risasi ya kwanza bado imo humu. Ungepiga tena, mtutu ungekupasukia usoni."

Babu akakaa kwenye tuta. Akamtazama mkewe.

"Shikamoo."

Bibi akaitikia, "Marahaba."