Gari Uliachia Nani

Hombo, Jumapili baada ya misa

Mama Furaha, mke wangu,

Barua hii iwakute mkiwa hai wote, hilo ndilo la kwanza ninaloomba, mengine yatafuata. Watoto wanaendeleaje? Furaha bado anakohoa asubuhi? Na baba yangu, Papa mkwe wako, bado hawezi kusimama bila kushika ukuta? Mimi mwili ni mzima. Malaria ilinishika mwezi uliopita, ikaniachia. Moyo ndio sijui nikuandikie nini juu yake.

Barua yako niliipata kwa yule mama anayeuza mafuta ya mawese. Nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Uliniuliza jambo moja: kaka yako anataka uende na watoto kwake Rubaya, majirani wengi wa Nyamitaba wamekwisha kuhama, na Papa hawezi kutembea. Je, umwache, au mningojee? Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kukujibu kwa gari.

Ngoja nikueleze. Bosi wangu alitaka kutuma lori moja mpaka Masisi kuchukua maharage, akaniambia mwenyewe: "Bauma, ile njia ni wewe njo unaijua. Pata permi ya kuendesha, nitakupa volan ushike." Unajua tofauti ya dereva na msaidizi wake. Dereva humweka ndani ya kabini mtu anayemtaka. Msaidizi kama mimi hupanda juu ya mizigo na hana neno. Ningekuja mpaka Nyamitaba, ningembeba Papa mgongoni, ningemkalisha kabini, nanyi mngekaa pembeni yake. Hayo nilikuwa nayapanga kila siku nikikaza kamba za mizigo.

Mzee Safari, dereva wetu, alinifundisha miezi sita. Alama za barabara nilizijua kuliko sala. Siku ya mtihani mpimaji alikuja kutoka Bukavu, mtu mwembamba wa miwani. Maswali nilijibu yote. Kurudi nyuma kati ya mapipa mawili, nilirudi safi. Wenzangu wakaanza kuniita shofere, nami mjinga nikaitikia.

Kisha tukapanda kile kilima cha udongo mwekundu kinachotoka sokoni. Katikati mpimaji akasema, "Simamisha. Sasa ondoka tena." Nikaachia breki ya mkono kabla gia haijaingia, lori likaanza kurudi nyuma.

Mama Furaha, nimekuwa mtu wa kale miaka kumi na moja. Kazi yenyewe unaijua: lori likirudi nyuma mlimani, dereva anapiga kelele "Kale!", nami ninaruka, ninakamata kale, kile kipande cha mti, ninakitia nyuma ya gurudumu. Siku ile mwili wangu haukuniuliza kitu. Nilifungua mlango, nikaruka, nikavuta kale pale inapofungwa, nikaitupa chini ya tairi. Ikashika vizuri. Lori likasimama. Nikainuka, nikapangusa mikono, nikatazama mbele kungoja dereva anipungie mkono kama kawaida. Mlango wake ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu.

Akina mama wa sokoni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mpimaji hakucheka. Alishuka upande wake polepole, akaja nyuma, akaitazama kale, akanitazama mimi.

"Papa," akasema, "gari uliachia nani?"

Swali hilo ninalala nalo mpaka leo.

Bosi hakunifokea. Alisema tu, "Uko muntu wa kale, Bauma. Haiko zambi. Kila muntu iko na kazi yake." Lakini safari ya Masisi imefutwa, maana hakuna dereva mwingine anayekubali njia ile. Lori litaenda Kisangani. Mpimaji atarudi mwaka ujao, kama atarudi.

Kesho yake tulikuwa tunapakia magunia, Mzee Safari akanivuta pembeni. "Usijipige sana," akasema. "Ni mimi njo nilikuharibisha. Miaka yote niliita kale, ukashuka mbio. Sikukufundisha kubakia mule ndani gari ikirudia nyuma."

Nikamwuliza mtu anabaki namna gani.

"Unakanyaga breki. Unaogopa, lakini unabakia. Hakuna kitu ingine."

Maneno hayo yananitesa kuliko kukosa permi. Siku ile risasi zilipolia juu ya Nyamitaba, nilikuambia ninatangulia huku upande wa Walikale kutafuta mahali, kisha nitakuja kuwachukua. Sikukudanganya, nilidhani ndivyo itakavyokuwa. Lakini niliruka, mke wangu, nikakuacha wewe na watoto na mzee asiyeweza kutembea. Huu ni mwaka wa tatu. Ni wewe uliyeshika kila kitu, na hukuniandikia hata neno moja la kunilaumu. Afadhali ungenilaumu. Nina haya hata ya kuandika jina lako.

Basi jibu langu ni hili, na si zuri. Gari haliji. Ukimaliza kusoma barua hii, chukua watoto umfuate kaka yako. Sijui kama Rubaya ni salama. Wanaotoka kule mmoja anasema hivi, mwingine vile. Lakini watoto wana miguu, wasikae hapo kwa sababu ya ahadi yangu. Mwombe mke wa katekista, uliyesema hahami, ampe Papa chakula na amshike akiinuka mpaka nifike. Kazi nimeiacha. Nitaomba lifti mpaka Walikale, na kutoka pale nitatembea pamoja na wabebaji mizigo, siku tano au sita, kama njia itakubali. Kumtoa mzee sitaweza. Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, na kila mara linaishia palepale.

Nisalimie kaka yako, umwambie ninamkabidhi wanangu. Nisalimie mama mkwe, na dada yangu Sifa kama bado yuko Masisi, na mke wa katekista kwa mzigo ninaomtwika. Furaha aendelee kusoma, hata kama ni karatasi aliyookota njiani.

Papa akiuliza ninakuja na gari gani, usimfiche. Mwambie ninakuja kwa miguu, sina mahali pa kumpeleka, na nikiingia ndani nitabaki naye, sitatoka tena.

Mume wako,
Bauma, Papa Furaha