Habari Isiyo na Masahihisho

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu kiti chako cha kunyolea kilipokosa mtu wa kukizungusha. Kifua kilikuandama muda mrefu, nawe ukakifanyia mzaha mpaka kikakushinda. Tulikuzika mchana wa jua kali. Tuliporudi nyumbani tukakuta kikombe chako kina masalio ya chai, na sisimizi wamekizunguka. Hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Mama, ambaye makaburini alikuwa mkavu kabisa, aliwatazama wale wadudu, ndipo akalia.

Mtaani walikujua kwa mkono mwepesi. Hukumkata mtu, hukumfokea mtoto aliyelia kitini, na wazee wasioweza kutembea uliwafuata makwao na mashine yako mfukoni. Lakini sisi wa nyumbani tulijua kwamba mikono ikiwa kichwani kwa mtu, roho yako iko nyuma ya duka, kwenye ukuta wa bomba, wanakopita sisimizi.

Kila alasiri ulijifunga shuka la kunyolea mabegani likawa koti, ukaisimamisha simu kwenye tofali, ukachuchumaa, ukawasomea watu wa mtandaoni taarifa ya habari kwa sauti ya mtu aliyemeza redio. "Ndugu watazamaji, msafara mkubwa umeonekana karibu na bomba. Wamebeba bawa la nzi. Mpaka tunakwenda mitamboni, mwenye nzi hajajitokeza." Ukafunga kwa maneno yako yaleyale: "Ni mimi kinyozi wenu, naripoti nikiwa nimechuchumaa."

Na mteja je? Mteja yuko ndani, kichwa nusu. Fundi viatu wa jirani ndiye aliyeonja adhabu hiyo kuliko wote. "We kinyozi! Nina kikao mimi! Upande huu msitu, upande huu jangwa, nitatokaje hivi?" Nawe hukuzima simu. "Na sasa hali ya hewa, moja kwa moja kutoka kichwani kwa jirani yetu." Alinuna, lakini hakuhamia kwa kinyozi mwingine.

Watu usiowajua wakakupenda. Dereva mmoja wa lori alikutumia picha za sisimizi wa kila kituo alicholala. Bibi mmoja asiyeinuka kitandani alikuandikia kwamba wale wa ukutani kwake ndio wageni wake pekee, nawe papo hapo ukamteua kuwa mwandishi wako wa chumbani. Akauliza kwa nini wakikutana wanagusana vichwa. Ukafurahi kama mtu aliyepewa zawadi. "Sijui! Hebu tuchungulie." Neno hilo ndilo ulilotulea nalo. Tulipokuuliza jambo utotoni hukuona haya kutojua, ulituvuta mkono tukaenda kuchuchumaa wote.

Ulikosea pia, tena sana. Hatutasahau siku uliyotangaza kifo cha malkia wa sisimizi. Ulijifunika shuka jeusi, sauti ikakutetemeka: "Malkia wetu hatunaye tena." Rambirambi zilimiminika kutoka kila upande. Kesho yake ukarudi umeinamisha uso. "Masahihisho. Marehemu wa jana ametambuliwa kuwa mbegu ya papai." Watu walicheka wakaumia mbavu, na tangu hapo kila habari yako ya msiba walijibu, "Tunasubiri masahihisho."

Hapo ndipo mzaha wako ulipotugeukia, Baba, ingawa hatukulaumu.

Kifua kilipokulaza wodini, siku moja ulipata nafuu kidogo ukaomba tukuinue. Ulipekua kwa macho pembe zote za chumba, chini ya kabati, dirishani. Ukarudisha kichwa kwenye mto. "Wanapiga dawa sana humu," ulisema. "Leo hakuna habari." Hukusema jingine la maana baada ya hilo.

Baba Mdogo ndiye aliyechukua simu yako siku ya mazishi, akaandika kwenye ukurasa wako kwa heshima zote: "Kinyozi wenu hatunaye tena." Aliandika kwa moyo safi, wala hakukumbuka malkia. Kabla kaburi halijakauka, zikaja nyuso za kucheka, mamia kwa mamia. "Umeanza tena!" "Poleni kwa mbegu!" "Tunasubiri masahihisho." Tukaandika tena kwamba ni kweli, wakacheka zaidi, wakasema safari hii umewashirikisha hadi watoto. Mama aliipokea simu mikononi mwa Baba Mdogo, akasoma chache, akafuta kila tulichoandika. "Asichekwe tena," alisema. "Mtu amelala jamani, mwacheni alale."

Kwa hiyo tulinyamaza. Mama aliichaji simu yako kila siku. Asubuhi anaifungua, anasoma: "Kinyozi umeadimika." "Mzaha huu mrefu, rudi." Bibi wa kitandani hakukosa: "Masahihisho yako wapi, mwanangu? Wangu wa ukutani wanakuulizia." Tulipomwambia Mama kwamba watu hawa waelezwe, alikataa. "Waacheni. Huko kwao bado yu hai." Nyumba nzima ilikuwa imekuzika, yeye amebakiwa na mahali pamoja ambapo hujafa.

Wiki iliyopita lori liliegeshwa mbele ya duka. Mama alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo. Mtu mnene akaingia na kioo cha kukuzia vitu, amekifunga kwa utepe, na kicheko kimemtangulia mlangoni. "Yuko wapi huyu mchekeshaji? Nimemletea jicho la tatu."

"Amefariki, baba," Mama alisema. "Mwaka sasa."

Dereva akacheka. Alicheka kwa kelele, akampiga fundi viatu begani. Fundi viatu, anayekuja kukaa humo kila siku ingawa hakuna wa kumnyoa, hakucheka. Dereva akatazama kiti kilichofunikwa shuka. Akatazama mashine zako zilizoshika kutu. Akamtazama Mama tena, kicheko kikamwisha kidogo kidogo, akaketi pale pale kizingitini akalia kama mtoto. "Nilicheka siku ile, mama. Niliandika poleni kwa mbegu. Ni mimi."

Mama alimshika kichwa, akakaa naye mpaka akatulia. Kisha akatuita. "Andikeni. Nisije nikawatazama wote namna hii, mmoja mmoja."

Kinyozi hajinyoi, Baba, na mtangazaji hawezi kujitangazia msiba wake. Tunaweka maneno haya gazetini na kwenye ukurasa wako, pamoja na picha ya kaburi. Kioo cha dereva tumekiweka ukutani, karibu na bomba. Wapo, na wanapita. Bado hatujui kwa nini wanagusana vichwa.

Wanaokukumbuka ni mkeo, aliyeiandika sentensi ya mwisho kwa mkono wake; sisi wanao; mdogo wako; mama mkwe wako; fundi viatu, ambaye nywele zake sasa ni msitu pande zote; na dereva wa lori. Wengine watajiunga leo watakaposoma. Tutakuwa nawe moyoni siku zote tulizobakiza.

Ndugu watazamaji, mume wangu amekufa kweli, nami naripoti nikiwa nimechuchumaa: safari hii hakuna masahihisho.